Hati ya Mashtaka Yenye Jina la Watu Wawili: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Jinai

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha Tanzania Bara. Majina, mji, kampuni, tarehe na viwango vya fedha vimeondolewa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Nilikifuatilia nikiwa msaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017: tunaeleza, tunaelekeza, tunamsindikiza mtu hadi mlangoni, lakini hatusimami mahakamani kumwakilisha.

Vifungu ambavyo sikutaja sheria yake ni vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwa hesabu ya toleo la 2022. Toleo la sheria zilizorekebishwa la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025, limepanga upya namba za baadhi ya vifungu, kwa hiyo anayetaka kunukuu aangalie kwanza.

Nimekichagua kwa sababu ushahidi wa tukio lenyewe ulikuwa mzuri kuliko kawaida. Watu waliona, vitu vilivyovunjwa vilikuwepo, majeraha yalipimwa. Shauri lilikwama kabla ushahidi huo haujafika kwa hakimu, kwenye karatasi ambazo mlalamikaji hazioni na hata akizioneshwa hajui aangalie wapi.

Usuli

Mlalamikaji alikuwa mama lishe aliyepika kwenye kituo cha malori, kando ya barabara kuu. Kibanda chake kilikuwa na meza mbili na kabati la vioo la kuwekea chapati na samaki. Wateja wake walikuwa madereva na utingo wanaolala hapo usiku mmoja kisha wanaendelea na safari. Aliwajua kwa sura, kwa rangi ya lori na kwa majina ya utani. Hakuna aliyewahi kumwonesha kitambulisho ili auziwe wali maharage.

Mtu aliyelalamikiwa alikuwa mmoja wa wateja hao. Kituoni alijulikana kwa jina moja tu la utani. Hapa nitamwita Chuma, ingawa si hilo alilokuwa akiitwa. Alikuwa akipita na lori la kampuni ya usafirishaji yenye ofisi katika mkoa mwingine.

Usiku wa tukio

Ugomvi ulianza kwa maegesho. Lori liliegeshwa likaziba mbele ya kibanda, mama akaomba lisogezwe, maneno yakapanda. Chuma alishuka na spana ya tairi, akavunja kabati la vioo, akapindua meza, na mama alipojaribu kuokoa sufuria akasukumwa akaangukia mkono. Kifundo cha mkono wa kushoto kilivimba usiku uleule. Wauzaji wawili wa jirani waliona yote, na utingo wa lori lenyewe alikuwa amesimama hatua chache, akijaribu kumshika bosi wake. Kabla ya alfajiri lori likaondoka.

Asubuhi mama alikwenda kituo cha polisi, akapewa RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi, akapewa PF3, fomu ya polisi ambayo tabibu huandika majeraha aliyoyaona, akatibiwe. Alitoa jina alilolijua, yaani la utani, na namba ya lori ambayo jirani mmoja alikuwa ameiandika kwenye kiganja. Hadi hapo mlalamikaji alifanya kila alichopaswa kufanya. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu kadhaa walimlaumu kwa "kutoa jina bovu". Hakutoa jina bovu. Alitoa jina la utani na akasema ni la utani. Maelezo yake ya polisi yanaonesha hivyo wazi.

Kutoka jalada hadi shauri

Mpelelezi alichukua maelezo ya mashahidi wawili, akapiga picha vitu vilivyovunjwa, kisha akaiandikia kampuni akiuliza lori lenye namba ile liko chini ya dereva gani. Kampuni ikajibu kwa barua: lori hilo amekabidhiwa bwana fulani, jina lake kamili ni hili, ni mwajiriwa wa kudumu. Barua ilikuwa ya kweli, na jibu lililingana na swali. Tatizo ni kwamba swali lilihusu aliyekabidhiwa lori, wakati kilichohitajika ni aliyeliendesha usiku ule.

Yeyote anayeijua biashara ya malori anajua tofauti hiyo. Dereva wa kudumu akiumwa, akifiwa au akitaka tu kupumzika, lori haliegeshwi. Anaingia deiwaka, dereva wa muda anayeshika nafasi yake kwa safari hiyo. Anachukua funguo, anachukua posho ya safari, anaendesha, anarudisha. Kwenye kadi ya lori na kwenye orodha ya waajiriwa hayumo. Usiku wa tukio Chuma alikuwa deiwaka.

Jalada likapelekwa kwa waendesha mashtaka wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Kulikuwa na uamuzi wa kwanza wa kufanya: Mahakama ya Mwanzo au Mahakama ya Wilaya? Makosa yenyewe yangeweza kusikilizwa Mahakama ya Mwanzo, na wengi kituoni walimshauri mama aende huko kwa kuwa ni karibu. Mwendesha mashtaka alichagua Wilaya, na nadhani alichagua vizuri. Mahakama ya Mwanzo mlalamikaji hubeba kesi mwenyewe: analeta mashahidi, anawauliza maswali, anamfuatilia mshtakiwa. Mtu anayemlalamikia dereva wa mkoa mwingine, huku mkono ukiwa kwenye bendeji na biashara imesimama, asingeweza kuubeba mzigo huo. Mahakama ya Wilaya kesi ni ya Jamhuri, naye anakuwa shahidi. Kwa upande wa pili anapoteza usukani. Hilo lilimsumbua mama hadi mwisho. Kila mara alisema "kesi yangu", na kila mara mtu fulani alimkumbusha kwamba si yake.

Hati ya mashtaka ikaandikwa. Makosa mawili: kuharibu mali, kinyume cha kifungu cha 326(1) cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka saba, na shambulio la kudhuru mwili, kinyume cha kifungu cha 241. Kwenye nafasi ya jina la mshtakiwa likaandikwa jina kamili la dereva wa kudumu, kisha ile alama ya @ ambayo hutumika kwenye hati zetu kuonesha mtu ana jina lingine, kisha "Chuma".

Alama hiyo moja ndiyo iliyoleta balaa lote. Upande wake wa kushoto kulikuwa na mtu mmoja, upande wa kulia mwingine, na ikawaunganisha kuwa mshtakiwa mmoja ambaye duniani hayupo. Mwendesha mashtaka aliyesoma jalada aliona jina kutoka kwenye barua ya kampuni na jina kutoka kwa mlalamikaji, akadhani amepata picha kamili. Hakimu aliyepokea hati aliona mtu mwenye jina, umri, kazi na anwani ya mwajiri. Karani akaingiza jina hilo kwenye mfumo wa kielektroniki wa mashauri, shauri likapata namba. Kwa macho ya karatasi kila kitu kilikuwa sawa.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka kanuni kwamba mashtaka yasifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Hapa upelelezi ulihesabiwa umekamilika. Jalada lilikuwa na maelezo ya mashahidi, picha, PF3 na barua. Kilichokosekana kilikuwa ni mstari mmoja wa mtu anayesema: aliyeendesha usiku ule ni huyu.

Samansi iliyolala kwenye droo

Kwa kuwa mshtakiwa hakuwa amekamatwa, mahakama ilitoa samansi, yaani hati ya kumwita mtu mahakamani. Utaratibu wake si mgumu. Kifungu cha 100 kinataka iwe ya maandishi, nakala mbili, yenye sahihi na muhuri wa mahakama. Kifungu cha 101 kinataka, pale inapowezekana, anayeitwa akabidhiwe yeye mwenyewe nakala moja, na asaini nyuma ya nakala ya pili kwamba ameipokea. Nakala hiyo ya pili ndiyo inayorudi mahakamani. Kama mtu hapatikani baada ya juhudi za kutosha za kumtafuta, kifungu cha 102 kinaruhusu kuiacha kwa mtu mzima wa familia yake, kwa mtumishi anayeishi naye, au kwa mwajiri wake.

Askari aliyetumwa alikwenda ofisi ya kampuni. Dereva alikuwa safarini, jambo la kawaida kwa dereva. Askari akaiacha samansi kwa karani wa mapokezi, karani akasaini, nakala ikarudi. Nyuma yake palikuwa na sahihi na tarehe, bila jina la aliyepokea, bila cheo chake, bila neno lolote kuhusu juhudi zilizofanywa kumtafuta mwenyewe.

Karani, kama tulivyojua baadaye, aliona jina la kampuni kwenye anwani akadhani kampuni ndiyo inayoshtakiwa. Akaiweka kwenye droo akimsubiri meneja. Samansi ya kampuni ni habari nyingine kabisa. Kifungu cha 105 kinamtaja katibu, meneja wa eneo au ofisa mwingine mkuu, na wala haihusiani na mfanyakazi anayeshtakiwa kwa kosa lake binafsi. Lakini karani wa mapokezi hana wajibu wa kujua hayo. Mwenye wajibu wa kumweleza ni anayeleta hati.

Siku ya kutajwa mshtakiwa hakuja. Shauri likaahirishwa. Mara ya pili hakuja. Mwendesha mashtaka akaomba waranti ya kukamatwa, akaeleza kwamba samansi imepokelewa na mshtakiwa amekaidi. Hakimu aliangalia nyuma ya nakala, akaona sahihi, akatoa waranti.

"Siyo huyu"

Dereva wa kudumu alikamatwa kwenye mizani ya barabara kuu, Ijumaa jioni, akiwa na mzigo. Alikaa mahabusu mwisho wa wiki na akasafirishwa hadi wilaya ambako shauri lilifunguliwa. Alipofikishwa mbele ya hakimu hakujua hata anashtakiwa kwa nini. Alidhani ni ajali ya zamani.

Mama lishe alikuwa ameitwa siku hiyo. Mshtakiwa alipopandishwa kizimbani alimtazama, akamtazama tena, akainuka kwenye benchi na kumsogelea mwendesha mashtaka. "Mwanangu, siyo huyu. Huyu namjua, anakulaga kwangu, mtu mpole. Siyo huyu."

Namsifu mwendesha mashtaka kwa alichofanya hapo, kwa maana ilikuwa rahisi kumwambia mama akae chini asubiri zamu yake ya ushahidi. Aliomba shauri lipewe tarehe ya karibu kabla mshtakiwa hajasomewa shtaka, hakupinga dhamana, na akamrudisha mpelelezi kwa kampuni na swali jipya. Dereva alitoka siku hiyo kwa dhamana ya mwenzake wa kazini.

Kampuni safari hii ilitoa daftari la safari na stakabadhi ya posho. Posho ya safari ile ilisainiwa na mtu mwingine. Utingo, ambaye hakuwahi kuandikwa maelezo hata mara moja, alipatikana na kueleza bila kusita: dereva wa kudumu alikuwa msibani, lori lilikuwa na deiwaka, na deiwaka huyo ndiye Chuma.

Hapo palizuka mjadala mdogo lakini wa maana. Mpelelezi alipendekeza hati ibadilishwe tu: jina la kushoto la @ litolewe, la kweli liwekwe, shauri liendelee kwa namba ileile. Kifungu cha 234 kinaruhusu kurekebisha hati ya mashtaka, kwa hiyo pendekezo halikuwa la kipuuzi. Mwendesha mashtaka alikataa. Alichosema ni kwamba marekebisho yanarekebisha shtaka dhidi ya mtu aliyepo mbele ya mahakama. Hayawezi kumtoa mtu mmoja kizimbani na kumwingiza mwingine ambaye hajawahi kuitwa. Badala yake akaliondoa shauri chini ya kifungu cha 98(a). Mshtakiwa akaachiwa huru, na kwa kuwa hakuwa ameitwa kujitetea, kuondolewa huko hakukuzuia kufunguliwa kwa mashtaka mengine juu ya ukweli uleule.

Mama alilia. Kwake yeye "kesi imefutwa" ilimaanisha imekufa. Ilichukua muda mrefu nje ya jengo kumweleza kwamba kilichofutwa ni hati, na kwamba malalamiko yake yako palepale.

Kuanza upya

Hati ya pili iliandikwa kwa uangalifu zaidi, na kuziweka hati mbili pamoja kunafundisha. Maelezo ya kosa la kwanza katika hati ya awali yalikuwa, kwa kifupi: kwamba mnamo tarehe fulani, katika eneo la kituo cha malori, uliharibu mali za fulani. Hati mpya ilisema: kwamba mnamo tarehe fulani, majira ya usiku, katika kituo cha malori kilichopo eneo fulani, ndani ya wilaya na mkoa fulani, kwa makusudi na bila uhalali uliharibu kabati moja la vioo, meza mbili na masufuria matatu, mali ya fulani.

Maneno "kwa makusudi na bila uhalali" si mapambo. Ndiyo yanayotenganisha jinai na bahati mbaya. Kifungu cha 132 kinataka hati itaje kosa pamoja na maelezo ya kutosha ili mshtakiwa ajue anashtakiwa nini, na Mahakama ya Rufani ilishatengua hatia mwaka 2006, katika rufaa ya shtaka la kujaribu kubaka, kwa sababu maelezo ya kosa yaliacha kiini cha kosa lenyewe. Kwa hiyo hata kama dereva wa kwanza angekuwa ndiye, hati ile ya kwanza ilikuwa na kidonda.

Chuma alipigiwa simu akaahidi kuja, hakuja. Polisi walikuwa na mamlaka ya kumkamata bila waranti kwa kosa la uzito ule, na mpelelezi alitaka kufanya hivyo. Mwendesha mashtaka akaomba samansi kwanza. Sababu zake: makazi yake sasa yalijulikana, ana mke na watoto pale, na waranti ya kwanza ilikuwa imeshamlaza mtu asiyehusika mahabusu. Ukitazama matokeo utasema alikuwa sahihi, lakini ningekubaliana naye hata kama Chuma angetoroka. Mtu akikaidi samansi iliyomfika mkononi, waranti inayofuata hakuna anayeweza kuihoji.

Kwa kuwa aliishi nje ya eneo la mahakama ile, samansi ilitumwa kwa mahakama ya wilaya anakoishi, kwa utaratibu wa kifungu cha 106, ili ipelekwe kutoka huko. Aliyeipeleka alimkuta nyumbani asubuhi, akamsomea, akamkabidhi. Nyuma ya nakala ya pili pakaandikwa jina kamili, sahihi, tarehe, saa na mahali. Kisha mpelekaji akala kiapo cha maandishi kueleza alivyoifikisha, kama kifungu cha 107 kinavyoruhusu pale aliyepeleka asipoweza kufika mwenyewe kutoa uthibitisho. Karatasi mbili zikarudi pamoja.

Chuma alifika siku iliyotajwa, na wakili.

Usikilizwaji na matokeo

Alikana makosa yote mawili. Kwenye usikilizwaji wa awali chini ya kifungu cha 192, ambapo pande mbili hutenganisha yasiyobishaniwa na yanayobishaniwa, alikubali jina lake, akakubali kwamba ndiye aliyeendesha lori usiku ule na kwamba alikuwepo kituoni. Jambo lililoangusha shauri la kwanza likamalizika kwa sentensi mbili kwenye kumbukumbu. Hakukuhitajika gwaride la utambuzi. Stakabadhi ya posho yenye sahihi yake ilikuwa mezani, na wakili makini hapotezi nguvu kubishana na sahihi ya mteja wake.

Kosa la kwanza lilithibitishwa bila shida kubwa. Ushahidi wa utingo ulikuwa mzito kwa sababu hakuwa na ugomvi na yeyote. Mshtakiwa alitiwa hatiani kwa kuharibu mali, akatozwa faini, na mahakama ikaamuru amlipe mama fidia chini ya kifungu cha 348.

Kosa la pili lilianguka. Hati ya mashtaka ilisema alijeruhiwa kifundo cha mkono wa kulia. PF3 ilisema kushoto. Tabibu alisema kushoto. Mama alipotoa ushahidi aliunyanyua mkono akasema "mkono huu", na kumbukumbu za mahakama zikaandika hivyohivyo: "mkono huu". Wakili wa utetezi alinyamaza hadi majumuisho, kisha akaiweka hati na PF3 sambamba. Hakimu akaona shtaka na ushahidi havikubaliani na upande wa mashtaka haukuomba marekebisho.

Uchambuzi

Huwa tunafundishwa kwamba jinai huthibitishwa bila kuacha shaka yoyote ya msingi, na mawazo yote huenda kwenye mashahidi. Kisa hiki kinaonesha kwamba kabla ya kuulizwa "alifanya?" kuna maswali mengine mawili yanayoamuliwa ofisini, kimya kimya: "ni nani?" na "amejua kwamba anaitwa?" Yakijibiwa vibaya, mashahidi bora hawasaidii kitu.

Nianze na jina. Jina la utani halikuwa udhaifu wa kesi hii. Mama alimfahamu mtu huyo kwa sura na kwa miezi, na utambuzi wa mtu unayemjua mahakama huupa uzito zaidi kuliko wa mgeni uliyemwona mara moja. Udhaifu uliingia pale jina la utani lilipobandikwa jina rasmi bila shahidi hata mmoja kusema hawa ni mtu mmoja. Kanuni ninayowaambia wasaidizi wenzangu ni hii: kila @ kwenye hati ya mashtaka idai shahidi wake. Muulize mpelelezi nani atasimama kizimbani na kusema fulani ndiye anayeitwa fulani. Kama hayupo, alama hiyo ni dhana tu. Utingo angeweza kuwa shahidi huyo tangu wiki ya kwanza. Hakuandikwa maelezo kwa sababu alionekana ni "mtu wa upande ule". Mtu wa upande ule mara nyingi ndiye anayejua majina.

Kuhusu samansi, kosa la askari halikuwa kuiacha kwa mwajiri, sheria inamruhusu. Kosa lilikuwa kufanya njia ya akiba kuwa njia ya kwanza, na kurudisha nakala isiyoeleza chochote. Angeandika nyuma "dereva yuko safarini, amepokea karani wa mapokezi, jina hili, ameelezwa amfikishie mshtakiwa binafsi", mambo mawili yangetokea. Karani angejua hati ni ya nani. Na hakimu, alipoombwa waranti, angeona kwamba mtu mwenyewe hajaguswa na angeamuru samansi nyingine. Waranti ilitolewa kwa nguvu ya sahihi ambayo hakuna aliyeuliza ni ya nani. Naliona hilo kuwa kosa zito kuliko lile la jina, kwa sababu kosa la jina lingegunduliwa bila mtu kulala mahabusu kama samansi ingemfikia dereva wa kudumu mkononi. Angekuja mwenyewe na barua ya msiba.

Kuondoa shauri badala ya kulishona viraka kuligharimu muda, lakini kulizuia jambo baya zaidi. Kama jina lingebadilishwa ndani ya shauri lilelile, Chuma angekuwa na hoja ya rufaa kuanzia siku ya kwanza: samansi ilimwita mwingine, waranti ilimtaja mwingine, mwenendo ulianza na mwingine.

Suala la mkono wa kulia na kushoto linaniudhi hadi leo, nakiri. Kuna njia ya kuliponya kosa la namna hiyo. Kifungu cha 388 kinasema dosari za hati au mwenendo hazitengui hukumu ila pale zilipomnyima mshtakiwa haki, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikitumia kuokoa hatia ambapo kifungu cha sheria kilinukuliwa vibaya lakini maelezo ya kosa na ushahidi vilimjulisha mshtakiwa kila kitu. Mtu angeweza kujenga hoja kwamba Chuma alijua vizuri ni jeraha gani linazungumzwa. Lakini hiyo ni dawa ya rufani, si ruhusa ya kulala. Kifungu cha 234 kilikuwa mezani tangu tabibu aliposema "kushoto". Ilihitajika mtu mmoja kusimama na kuomba hati irekebishwe, mshtakiwa asomewe upya, na mashahidi waitwe tena kama utetezi ungetaka. Hakuna aliyesimama, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiweka hati mbele yake wakati mashahidi wanazungumza. Na yule aliyeandika "mkono huu" bila kuuliza ni upi naye ana sehemu yake.

Kuna kilichofanya kazi ambacho hakikuandikwa kwenye kitabu chochote. Mama aliitwa mahakamani siku ambayo hakuwa na lazima ya kuwepo, siku ya kutajwa tu, akaona uso. Kama angeitwa siku ya ushahidi pekee, dereva wa kudumu angesomewa shtaka, angekana, usikilizwaji wa awali ungefanyika, na kosa lingegunduliwa shahidi wa kwanza akiwa kizimbani. Si gharama kubwa kumwita mlalamikaji siku ya kwanza mshtakiwa anapofikishwa, hasa aliyetajwa kwa jina la utani.

Upande wa dereva wa kudumu

Alipoachiwa chini ya kifungu cha 98(a) alidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Kuachiwa kwa namna hiyo si sawa na kuonekana huna hatia baada ya kusikilizwa, na zaidi ya hapo, waranti yenye jina lake ilikuwa imeshasambazwa kwenye vituo vya njiani. Mtu anayepita mizani kadhaa kwa safari moja hawezi kutegemea kwamba kila kituo kimepata taarifa.

Tulimshauri aombe mahakamani nakala iliyothibitishwa ya amri ya kuondolewa kwa shauri, na mwendesha mashtaka akaandika barua polisi waranti irudishwe na kufutwa kwenye kumbukumbu. Nakala ya amri aliipata baada ya kufuatilia kwa karani, akaitia kwenye karatasi ya nailoni na kuiweka pamoja na leseni yake. Miezi kadhaa baadaye alisimamishwa kwenye kituo kimoja ambako barua ya kufuta waranti haikuwa imefika, akaionesha nakala hiyo, mkuu wa zamu akapiga simu mahakamani kuthibitisha namba ya shauri, na lori likaendelea na safari.